Fildi ya Mwanafunzi wa Uhandisi: Unacholipia, Unachostahili na Pa Kuulizia

Vyuo vinapofunga kwa likizo ndefu, wanafunzi wengi wa uhandisi hawarudi nyumbani. Huelekea viwandani, kwenye karakana, maeneo ya ujenzi wa barabara na mitambo ya maji na umeme, kwa kipindi ambacho katika vyuo vyetu mara nyingi ni wiki nane. Jina rasmi la kipindi hicho ni mafunzo kwa vitendo. Wanafunzi wenyewe hukiita fildi. Mzazi hukifahamu zaidi kwa simu inayopigwa usiku: “Mama, nimepata nafasi Mwanza, ila nahitaji nauli na pango la miezi miwili.”

Msomaji aliyezoea kukuta katika vijitabu vyetu habari za mizani, tarehe za mwisho za matumizi na mitungi ya gesi anaweza kujiuliza fildi inaingiaje hapa. Inaingia kwa sababu ni huduma iliyolipiwa. Mafunzo kwa vitendo ni sehemu ya programu ya masomo ambayo chuo kimeitangaza, kimeidhinishiwa na kinaitoza ada. Mwanafunzi hupewa alama kwa mafunzo hayo, na asipoyafaulu hakamilishi shahada. Aliyelipa ada ya mwaka amelipia pia haki ya kutambulishwa kwa mwajiri, kutembelewa na mhadhiri akiwa kazini, na kusahihishiwa ripoti yake kwa haki. Hata hivyo ni familia chache zinazouliza juu ya wiki hizo nane kama zinavyouliza juu ya hosteli au chakula. Mahali ambapo mlaji haulizi, mjanja hupata nafasi.

Majina yanayochanganywa

Malalamiko mengi katika eneo hili huanza kwa kuchanganya mambo manne yaliyo tofauti.

La kwanza ni fildi yenyewe, yaani mafunzo ya mwanafunzi ambaye bado yuko chuoni. Kwa utaratibu uliozoeleka katika shule za uhandisi nchini, fildi hupanda ngazi. Mwaka wa kwanza mwanafunzi hushika zana pamoja na mafundi mchundo. Mwaka wa pili hukaa karibu na mafundi sanifu na kuanza kuelewa usimamizi wa kazi. Mwaka wa tatu hutazama na kujaribu kazi ya mhandisi, yaani kukokotoa, kubuni, kupanga gharama na kuandika taarifa. Kwa hiyo mzazi asishangae mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akirudi na mikono yenye grisi. Anayerudi na mikono ya namna hiyo katika mwaka wa tatu, bila kuwa na mchoro wala hesabu yoyote ya kuonyesha, ndiye wa kuulizwa.

La pili ni mafunzo ya uzoefu wa kazi kwa wahitimu, ambayo yana mwongozo wake wa kitaifa uliotolewa mwaka 2017. Haya ni ya mtu aliyekwisha kumaliza chuo, na hayatolewi alama za darasani.

La tatu ni mpango wa mafunzo kwa wahandisi wahitimu unaosimamiwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, maarufu kwa kifupi cha SEAP, ulioanza mwaka 2003. Mhitimu huwekwa chini ya mhandisi mwenye uzoefu kwa miaka mitatu kabla ya kuomba kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Shahada peke yake haimpi mtu haki ya kujiita mhandisi mtaalamu, hata kama ukoo mzima umekwisha kumwita hivyo tangu siku ya mahafali.

La nne linatoka ng'ambo, nalo linahitaji maelezo kidogo kwa sababu siku hizi hutajwa sana na mawakala wa vyuo vya nje. Mwaka 1906 Herman Schneider, mwalimu wa uhandisi katika University of Cincinnati, Marekani, alianzisha mtindo wa kupishanisha vipindi vya darasa na vipindi vya kazi ya mshahara kiwandani. Alianza na wanafunzi 27. Mtindo huo huitwa elimu ya ushirika, au kwa kifupi “ko-op”, na hauna uhusiano wowote na vyama vya ushirika vya wakulima tunavyovijua sisi. Huko Kanada, chuo cha Waterloo kilijengwa juu ya mtindo huo tangu kilipoanza mwaka 1957. Wakala anapomwambia mzazi wa Dar es Salaam kwamba “mtoto atasoma na kulipwa, ada itajilipa yenyewe”, anatumia ukweli nusu. Katika mtindo huo mwanafunzi huomba kazi, hufanyiwa usaili na hushindana na wenzake. Chuo humtafutia milango lakini hakimhakikishii kazi, na kwa kawaida hutoza ada ya pekee kwa huduma hiyo. Mshahara wa ko-op ni matarajio. Usiuingize katika hesabu ya ada kana kwamba uko benki tayari.

Wiki nane zinavyoweza kutumika

Ili mlaji ajue fildi nzuri inafananaje, tuchukue mfano wa kufundishia: mwanafunzi wa uhandisi mitambo wa mwaka wa pili, aliyepelekwa katika kiwanda cha wastani cha kukamua mafuta ya alizeti mkoani Singida.

Siku ya kwanza hagusi mashine. Anaonyeshwa njia za kutokea wakati wa moto, mahali pa vizimamoto, na jinsi mashine inavyofungwa kabla ya matengenezo: swichi kuu inazimwa, inatiwa kufuli, na kibao chenye jina la anayefanya kazi kinaning'inizwa hapo. Ufunguo wa kufuli hukaa katika mfuko wa huyo huyo anayefanya kazi, wala haukai kwa msimamizi. Anapewa kofia ngumu na miwani. Viatu vya usalama amekuja navyo.

Wiki ya pili anaambiwa achore njia ya alizeti kutoka kwenye gunia hadi kwenye dumu: chekecheo la kutoa mchanga na mawe, kikaangio cha kupasha mbegu joto, mashine ya kukamua, chujio, tangi. Kazi hii inaonekana ya kitoto, lakini ndiyo inayomlazimu kumuuliza kila fundi swali, na mafundi humzoea.

Wiki ya tatu analetewa tatizo la kweli. Mnunuzi wa mashudu amesifu kwamba mashudu ya kiwanda hicho siku hizi yana mafuta mengi na ng'ombe wanayapenda. Mwenye kiwanda hakufurahi. Mafuta yaliyobaki katika mashudu ni mafuta ambayo hakuyauza. Ndani ya mashine ya kukamua kuna parafujo kubwa inayozunguka katika kizimba cha vyuma vilivyopangwa kwa karibu. Parafujo husukuma mbegu mbele kuelekea mahali panapozidi kuwa pembamba, na shinikizo ndilo linalotoa mafuta. Mchanga unaopita katika chekecheo bovu husaga kingo za parafujo na vyuma vya kizimba, kidogo kidogo kama msasa. Mwanya unapanuka, shinikizo linapungua, mafuta yanabaki katika mashudu.

Mwanafunzi anakabidhiwa kifaa cha kupimia na kuambiwa apime kipenyo cha parafujo katika sehemu kadhaa, alinganishe na vipimo vya parafujo mpya iliyoko stoo, kisha aandike. Anagundua kwamba sehemu ya mwisho, yenye shinikizo kubwa, imelika kuliko nyingine. Anauliza kwa nini fundi amekuwa akikaza kibanio cha mwisho kila wiki. Fundi anajibu kwamba ukikaza, mafuta yanaongezeka. Ni kweli, lakini mota nayo inabeba mzigo zaidi na beringi zinapata joto. Hapo somo la nguvu na msuguano alilolisoma darasani limepata harufu, kelele na bei. Msimamizi anamtaka apige hesabu ya mwenye kiwanda: kujaza upya kingo kwa kuchomelea ni shilingi ngapi, parafujo mpya ni shilingi ngapi, chekecheo jipya ni shilingi ngapi, na mafuta yanayopotea kwa siku ni lita ngapi. Jibu linatoka kwamba dawa ya kwanza iko mwanzoni kabisa mwa mstari: kutengeneza chekecheo.

Wiki mbili za mwisho anaandika ripoti. Mhadhiri wake amemtembelea mara moja, amesoma daftari la kumbukumbu za kila siku, na amezungumza na msimamizi bila mwanafunzi kuwapo.

Mwenzake wa darasa moja anaweza kuwa ametumia wiki hizo hizo katika ofisi nzuri yenye kiyoyozi, akitoa nakala, akipokea wageni na kununua maandazi ya saa nne. Mihuri yao miwili inafanana. Mwenye ofisi hiyo pengine hakuwa na nia mbaya. Hakuwa na mtu wa kumfundisha mwanafunzi wala kazi ya kumpa, na akaona haya kukataa barua ya chuo. Sisi tunaona kwamba kukataa kwa heshima kungemfaa zaidi mwanafunzi. Mwanafunzi aliyejikuta katika hali hiyo asisubiri wiki ya nane ndipo alalamike. Amweleze mratibu wa fildi chuoni ndani ya wiki ya kwanza au ya pili, wakati bado inawezekana kumhamisha.

Fedha: zipi ni halali, zipi ni za dalali

Gharama halali za fildi ni za kawaida mno: nauli, pango, chakula, bando la kuwasiliana na chuo, na pengine viatu vya usalama. Wanafunzi wanaopata mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu waangalie katika mchanganuo wao kama wamepangiwa fungu la mafunzo kwa vitendo, na wakumbuke kwamba fungu hilo nalo ni deni litakalorejeshwa. Si zawadi ya likizo.

Nafasi yenyewe haiuzwi. Barua ya utambulisho hutolewa na chuo, na barua ya kukubaliwa hutolewa na taasisi inayompokea mwanafunzi. Kati ya barua hizo mbili ndipo dalali anapojiweka. Hujitambulisha katika makundi ya simu kwamba “ana mtu ndani” ya shirika kubwa la umma au mgodi, hutaja jina linalojulikana, na hutaka fedha ya “fomu”, ya “kuharakisha” au ya “kitambulisho cha getini”. Mara nyingine barua anayoleta huwa na nembo sahihi kabisa. Nembo hainakiliwi kwa shida siku hizi.

Njia ya kumjaribu ni rahisi. Taasisi za umma nchini hupokea malipo kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotoka katika mfumo wa Serikali, na mlipaji hupata stakabadhi. Ukiambiwa utume fedha kwa namba ya simu ya mtu binafsi, kwa jina la mtu binafsi, simama hapo. Kisha piga simu au fika katika ofisi ya utumishi ya taasisi hiyo, kwa namba uliyoitafuta mwenyewe na si ile uliyopewa na dalali, uulize mambo mawili: je, mnapokea wanafunzi kipindi hiki, na je, mnatoza chochote? Kama taasisi inatoza kitu kwa sababu halali, kwa mfano mafunzo ya usalama kabla ya kuingia eneo la hatari, itakutajia na kukupa namba ya malipo.

Kuna pia jambo la taarifa binafsi. Dalali ambaye hakufanikiwa kuchukua fedha anaweza kuondoka na nakala ya kitambulisho cha taifa, picha, namba ya mtihani na namba ya simu ya mzazi. Vitu hivyo vinatosha kumsumbua mtu kwa muda mrefu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda mwenye taarifa, lakini ulinzi wa kwanza ni kutotuma nakala kwa mtu usiyemjua anafanya kazi wapi.

Kuhusu posho, tuseme wazi kwa sababu maswali ni mengi. Mwanafunzi wa fildi yuko kazini ili ajifunze, na asitegemee posho ambayo hakuahidiwa. Lakini kilichoahidiwa kiandikwe katika barua ya kukubaliwa: kiasi gani, kwa wiki au kwa mwezi, na kama chakula cha mchana au usafiri vimo. Ahadi ya mdomo iliyotolewa getini na mtu aliyekuwa akiondoka na gari haina pa kushikia. Na mahali ambapo mwanafunzi anawekwa zamu za usiku peke yake, wiki baada ya wiki, kujaza nafasi ya mfanyakazi aliyeondoka, hapo mafunzo yamegeuka kuwa kazi ya bure, na chuo kinapaswa kuelezwa.

Usalama na swali la nani atalipa

Mashine haijui kama aliyeisogelea ni mwanafunzi au mwajiriwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inampa mwenye eneo la kazi wajibu wa kulinda watu walio katika eneo hilo, na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) ndio unaokagua. Kwa mwanafunzi, jambo hili lina sura tatu za kila siku. Asianze kazi kabla ya kuelezwa hatari za mahali hapo. Asiguse kifaa cha umeme, mtungi wa shinikizo, kreni au shimo refu bila mtu mwenye ujuzi kuwa karibu naye. Na asione haya kusema “sijui”. Utamaduni wetu unamfundisha kijana kutokataa agizo la mkubwa, na ni utamaduni mzuri, lakini kuna namna ya heshima ya kumwambia fundi: “Shikamoo mzee, hii sijawahi kuifanya, naomba unionyeshe kwanza.” Fundi mzuri humpenda mwanafunzi wa namna hiyo. Asiyempenda hafai kuachiwa mwanafunzi.

Swali linalosahauliwa mpaka siku ya ajali ni la malipo. Bima ya afya hugharamia matibabu kwa masharti yake. Haimfidii mtu aliyepoteza kidole. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi umeundwa kwa ajili ya wafanyakazi walioumia au kuugua kutokana na kazi, na mwanafunzi asiye na mkataba wa ajira asichukulie tu kwamba yumo. Kwa hiyo kabla ya siku ya kwanza, mzazi au mwanafunzi aulize chuo na mwenyeji, kwa maandishi: mwanafunzi akiumia kazini, ni bima ya nani itakayotumika, na inalipa nini zaidi ya hospitali? Baadhi ya wenyeji, hasa wenye mitambo mikubwa, hawapokei mwanafunzi asiye na bima ya ajali, na wana haki. Pale ambapo jibu ni ukimya, familia ina uamuzi wa kufanya: kumkatia bima ya ajali binafsi ya muda mfupi, au kutafuta nafasi kwingine. Ofisi yetu ingependa vyuo vyote viandike jibu hilo katika barua ya utambulisho yenyewe, ili mzazi asilitafute baada ya ajali.

Kudaiwa ngono kwa ajili ya mhuri

Msimamizi wa fildi ana madaraka matatu juu ya mwanafunzi: kumpokea, kumpa alama na kumgongea mhuri. Mwenye kutumia madaraka hayo kudai ngono anatenda kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Na. 11 ya mwaka 2007. Si suala la nidhamu la kumalizwa kwa kikao, na mwanafunzi aliyedaiwa hana kosa. Ahifadhi ujumbe wa simu bila kuufuta, aandike tarehe na maneno yaliyosemwa, na apige namba 113 ya TAKUKURU, ambayo haina malipo. Kwa upande wa chuo, aombe kuhamishwa mara moja. Wiki alizokwisha kufanya hazipaswi kuwa adhabu kwake.

Mhuri wa kununua

Kuna wanafunzi ambao hawaendi fildi kabisa. Hukaa nyumbani au hufanya biashara ndogo, kisha wiki ya mwisho hutafuta mwenye karakana wa kuwajazia daftari na kuwagongea mhuri. Wapo wanaofanya hivyo kwa uvivu. Wapo pia waliokosa nauli na pango, wakaona aibu kusema, na hawa wangeweza kusaidiwa na mratibu kupata nafasi karibu na nyumbani kama wangesema mapema. Mzazi afahamu kwamba daftari lenye maelezo ya kazi ambazo hazikufanyika, likawasilishwa ili kupata alama, ni hati ya uongo. Mwanafunzi anaweza kupoteza shahada, na aliyegonga mhuri naye anajiweka mbele ya sheria.

Daftari la kweli hujulikana. Lina siku ambazo hakuna kilichofanyika kwa sababu umeme ulikatika. Lina mchoro wa mkono uliopinda, neno la mafundi ambalo halimo kitabuni, kipimo kilichokatwa na kusahihishwa. Daftari la kununuliwa lina mwandiko mmoja, kalamu moja na kila siku imejaa.

Mwanafunzi akija kazini kwako

Hadi hapa tumemsema mlaji kama mzazi. Lakini kuna siku utakuwa mteja wa upande wa pili: umemwita mkandarasi aje kufunga umeme wa nyumba au kusimamisha tangi la maji, naye amekuja na vijana wawili wenye madaftari.

Wapokee, wote waliokuhudumia vizuri walianza hivyo. Ila una haki ya kujua nani ni nani. Uliza nani msimamizi wa kazi, na kwa kazi ya umeme omba kuona leseni ya ufungaji inayotolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA). Leseni hiyo ni ya mtu aliyepimwa, haiazimwi. Mwanafunzi anaweza kuvuta nyaya, kupima na kuandika akiwa na msimamizi. Hawezi kuachwa peke yake kuunganisha swichi kuu ya nyumba yako huku mwenye leseni akiwa kwenye kazi nyingine mtaa wa pili. Ikitokea hivyo, kazi isimame mpaka arudi. Usimlaumu kijana, maana hakujituma mwenyewe. Bei uliyokubaliana na mkandarasi ni bei ya kazi ya mwenye leseni, na hiyo ndiyo unayostahili kupata.

Pa kupeleka lalamiko

Anza na mratibu wa fildi wa idara, kwa barua au baruapepe, si kwa simu tu. Taja tarehe, mahali, jina la msimamizi, kilichoahidiwa, kilichotokea, na unachotaka kifanyike: kuhamishwa, kurudishiwa fedha, kurekebishiwa alama. Barua isiyosema inataka nini huzunguka mezani bila kujibiwa. Ambatisha nakala, asilia baki nazo. Mpe muda unaoeleweka, tuseme siku saba kama fildi bado inaendelea.

Asipojibu, panda kwa mkuu wa idara na uongozi wa chuo. Baada ya hapo, malalamiko kuhusu chuo kikuu hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), na yale ya vyuo vya ufundi hupelekwa NACTVET. Wengi hupoteza wiki kadhaa kwa kuandika kwenye mlango usio wake, hivyo angalia kwanza chuo chako kimesajiliwa wapi. Hatari ya mahali pa kazi ni ya OSHA, nayo haingoji chuo kimalize vikao vyake. Aliyetapeliwa na dalali afike kituo cha polisi akiwa na ujumbe wa muamala, na atoe taarifa kwa kampuni ya simu haraka iwezekanavyo, kwani fedha ambayo haijatolewa bado inaweza kuzuiwa. Tangazo la upotoshaji la wakala au chuo kuhusu nafasi za fildi au ko-op, hata kama hukulipa chochote, liwasilishwe Tume ya Ushindani (FCC) pamoja na picha ya tangazo lenyewe, ikionyesha tarehe lilipotolewa na mahali ulipoliona.